Namna ya kuifanya dunia ya gemu ya onlaini ionekane kubwa kweli kweli

Wakuu habari zenu. Hii ni kwa wale wanaotaka kufungua seva yao ya gemu ya watu wengi, iwe Luanti, iwe Minecraft, iwe umeandika ya kwako mwenyewe, na unataka mtu akiingia ahisi kaingia kwenye nchi nzima na sio kwenye uwanja wa mpira. Nimekaa na hili jambo miaka mitatu sasa hapa Mtwara, tuna seva tunayoiendesha na washkaji wa Shangani na Chikongola, na nimelipenda mpaka nikilala naota barabara za mle ndani. Makosa tuliyoyafanya sisi nyie mnaweza kuyakwepa bure kabisa.

Kosa la kwanza ndo lilikua kubwa kuliko yote. Tulivyoanza tuliiachia ramani yote. Luanti, kwa asiyeijua, ni programu ya bure ya kutengenezea gemu za matofali, zamani iliitwa Minetest, jina wakabadili 2024, inakubali kompyuta za kawaida na simu za Android, na dunia yake kutoka ukingo hadi ukingo ni karibu matofali 62,000. Mchezaji anatembea matofali 4 kwa sekunde, sasa piga hesabu, kuvuka yote ni zaidi ya masaa manne umeshikilia kitufe cha kwenda mbele tu. Tukasema hapa tumemaliza, hii ndo dunia kubwa. Tukaalika watu kumi na tisa, kila mmoja tukampa sehemu yake ya kuanzia mbali na mwenzake ili wajionee ukubwa.

Siku ya kwanza kila mtu kajenga kibanda. Siku ya pili kila mtu kakaa kwenye kibanda chake. Dogo mmoja akaniambia bro humu mbona padogo, nikashangaa, padogo vipi na masaa manne hujamaliza? Akasema mi naona kibanda changu na miti tu. Wiki haijaisha wakabaki watatu. Yule dogo alikua sahihi na ilinichukua muda kumwelewa: kwake yeye dunia ilikua na ukubwa wa kile alichokijua, na alichokijua kilikua kibanda na miti.

Na sio sisi tu. Mwaka 1996 ilitoka gemu inaitwa Daggerfall, ya mtu mmoja sio ya onlaini, waliotengeneza walisema ni kubwa kama kisiwa cha Uingereza, miji na vijiji na mapango zaidi ya 15,000, karibu yote imepangwa na kompyuta yenyewe, na ukitembelea mitano ni kama umeona yote. Alafu 2016 ikaja No Man's Sky na sayari quintilioni 18, namba ambayo hata kuitamka ni kazi, na siku za mwanzo kabisa wachezaji wawili wakakubaliana kukutana sehemu moja, wakafika wote, hawakuonana. Sayari zote hizo na mwenzako humuoni.

Sasa nichukulieni mfano wa huku kwetu. Baba mkubwa wangu yuko Tandahimba, mkulima wa korosho, Nachingwea hajawahi kukanyaga maisha yake yote. Ila msimu ukifungua kuanzia Oktoba ukamkuta kibarazani atakwambia juzi RUNALI, kile chama kikuu cha ushirika cha upande wa Nachingwea, wameuza bei gani, TANECU wa huku Tandahimba na Newala wanasubiriwa lini, mzigo umekwama ghala gani, wakulima wa wapi wameikataa bei ya kwanza. Anazijua hizo habari kwa sababu kuna dereva wa lori kapita, kuna shemeji kapiga simu, kuna mtu wa AMCOS, chama cha ushirika cha kijijini, karudi kutoka mnadani. Kwa mzee yule nchi ni kubwa na iko hai mpaka sehemu asizozifahamu kwa macho. Hicho ndo kitu cha kukitafuta kwenye seva yako: mchezaji awe na habari za sehemu ambayo hajafika, na amezipata kwa mtu aliyefika. Mengine yote nitakayoyasema ni njia za kufikia hapo.

Pima njia kwa dakika

Achana na kuhesabu kilomita au matofali, hesabu dakika za mtu kutembea. Sisi tuliikata ramani kwa kuweka mapgen_limit, ule mpangilio wa mwisho wa ramani, kwenye 4500, maana yake matofali 9,000 toka ukingo hadi ukingo, unavuka kwa dakika 37 hivi kama hujakutana na mto wala mtu. Vijiji tumeviweka matofali kama 1,000 kutoka kimoja hadi kingine, hizo ni dakika nne na kidogo, na miji mikubwa mitatu iko kama 3,000 kila mmoja na mwenzake, dakika kumi na mbili na nusu. Nimejaribu vipimo vingi na hiki ndo nakikubali, dakika nne unaenda bila kufikiri, ila dakika kumi na mbili unajipanga, unabeba chakula, unauliza kama kuna mtu anaenda upande huo mwende wote. Hapo kwenye kujipanga ndo mtu anaanza kuhisi umbali.

Ramani ikiwa kubwa kuliko watu ulionao kata. Usione huruma.

Alafu usimpe mtu mabawa. Kwenye Luanti mgeni kwa kawaida anapewa ruhusa mbili, interact ya kujenga na kuchimba na shout ya kuandika kwenye chati, ishia hapo hapo, fly ya kuruka na fast ya kukimbia na teleport ya kujirusha popote baki nazo wewe admini tu na usizitumie mbele za watu. World of Warcraft, gemu ya onlaini ya kupigana na majini, ilivyoanza 2004 watu walikua wanatembea kwa miguu, ukipata farasi ni sherehe, 2007 wakaleta wanyama wa kuruka nao angani, na mwisho wa 2009 wakaleta mfumo wa kubonyeza tu unapangiwa wenzako na unarushwa moja kwa moja mpaka pangoni. Ilikua raha, sikatai, mtu mwenye nusu saa ya kucheza alifurahi. Ila barabara zikabaki tupu, na zile sehemu za katikati ambazo mtu alikua anakutana na mtu zikawa za kupita juu. Mpaka leo wachezaji wa zamani wanailalamikia hiyo, na 2019 kampuni iliporudisha toleo la kizamani watu wakajaa kwenda kutembea tena kwa miguu.

Na njia isiwe ile ile mwaka mzima. Sisi watu wa Kusini hili hatufundishwi, wazee wetu wanakumbuka masika barabara ya Dar inafungwa, unasubiri kivuko pale Ndundu kwenye Rufiji mpaka daraja la Mkapa lilipokuja 2003. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikakata barabara kati ya Lindi na Dar maeneo ya Somanga, mabasi yakagoma kwenda na kurudi, na mwezi huo huo tarehe 12 kebo za intaneti za baharini nazo zikakatika, nchi nzima mtandao ukawa wa kusuasua. Nilikua nimekaa nyumbani nawaza Dar leo iko mbali jamani. Basi nikachukua wazo. Kwenye seva yetu kila baada ya siku 60 za gemu, ambazo ni masaa 20 ya kweli mana siku ya Luanti ukiacha time_speed, yani kasi ya saa ya gemu, kwenye 72 ni dakika 20, mvua inanyesha na madaraja mawili kati ya matano yanaondoka, yapi hatusemi. Ni modi fupi, yani programu ndogo ya kuongezea kwenye gemu, iliyoandikwa kwa lugha ya Lua, ambayo inatoa matofali ya daraja na kuweka maji. Lazima watu wachangishane mbao wajenge upya au wazungukie mbali, na bidhaa upande wa pili zinapanda bei bila sisi kugusa kitu.

Watafutie pantoni yao

Ukiwahi kusubiri pantoni ya kwenda Msangamkuu unajua kinachotokea pale. Muuza samaki, mwalimu, mtu wa bodaboda, mama na kuku wake, wote wamesimama sehemu moja kwa sababu hakuna njia nyingine ya haraka, na kabla chombo hakijafika umeshajua nani kafiwa na nani kajenga. Hakuna aliyepanga hicho kikao, maji ndo yamekipanga.

Gemu inahitaji sehemu za namna hiyo, na wengi wanaotengeneza wanaziogopa, wanasema mchezaji asisubiri atachoka. EverQuest, gemu ya onlaini ya 1999, ilikua na meli, unasimama bandarini Freeport unasubiri, na watu walioicheza enzi hizo wanakumbuka marafiki waliowapata gatini kuliko majoka waliyoyaua. Sisi tumeweka mlango wa ghuba wenye mkondo mkali, ukiogelea mzigo unaupoteza, na boti moja inaondoka kila dakika tano. Dakika tano ndo mwisho. Tuliweka kumi watu wakawa wanaacha simu wanaenda kupika, tukaweka mbili hawasalimiani. Pembeni ya gati tumeweka jiko la kuchomea samaki na ubao wa matangazo, basi, hatukuongeza kitu kingine, na sasa nusu ya biashara ya seva nzima inafanyika pale.

Angalia pia wenyewe wanakusanyikia wapi alafu usiwahamishe. Kwenye hiyo hiyo EverQuest watu waliamua tu kwamba soko ni lile handaki la East Commonlands, wanapiga kelele mle ndani nauza hiki nanunua kile, hakuna aliyewaelekeza. Watengenezaji walipoleta soko rasmi la kubonyeza na toleo la mwisho wa 2001 handaki likafa. EVE Online nayo, gemu ya meli za angani, soko kubwa kuliko yote liko Jita, mfumo mmoja wa nyota kati ya zaidi ya 7,000, na uliufanya kuwa soko ni msongamano wa wafanyabiashara wenyewe.

Kila sehemu ikose kitu

Hii ni fupi ila msiiruke. Ukiweka chuma, maji, mbao na chakula kila kona hakuna sababu ya mtu kutoka kwao. Sisi tumeiga ramani ya nyumbani: chumvi inapatikana pwani peke yake, mbao nzuri ziko bara ndani ndani kama vile unaenda Liwale, na juu ya uwanda, ambao tumeuiga wa Wamakonde, udongo ni mzuri ila maji hakuna, kama ambavyo Newala watu walivyohangaika na maji vizazi na vizazi. Kwaiyo anayeishi juu anashuka bondeni na ndoo au ananunua maji kwa anayepandisha. Na usiweke bei moja ya nchi nzima. Albion Online, ambayo inachezeka na kwenye simu toka 2021, kila mji una soko lake peke yake, ukitaka faida unabeba mzigo mwenyewe mpaka mji mwingine na njiani unaweza kuporwa. Tofauti ya bei ndo inamtoa mtu nyumbani, na akitoka lazima atarudi na stori.

Tahadhari moja, usitegemee asili ijiendeshe. Ultima Online 1997 walipanga mfumo wa wanyama, wala majani wale majani, wala nyama wawale hao, wachezaji wakaingia wakaua kila kitu kwa kasi ambayo mfumo haukuweza kufufua, ikabidi waachane nao. Wachezaji kumi na tano wanaweza kumaliza msitu wako wikiendi moja, sisi yametukuta, panda miti kwa modi na iote polepole.

Zima chati ya dunia nzima

Hapa ndo naomba mnisikilize kwa makini mana ndo jambo ninaloligombania kuliko yote na ndo wengi wananibishia.

Gemu nyingi zikiwashwa tu zinakua na chati moja ambayo ukiandika kila mtu anaona popote alipo. Na mtu akiingia inatangazwa fulani ameingia, akitoka fulani ametoka, na kuna amri ya kuona majina yote ya walioko. Kwa watu kumi na tano hiyo ni sawa na kukaa wote sebule moja. Unaweza kuwa na ramani ya dakika 37 lakini kama mtu wa kule mwisho akisema nimepata dhahabu na wewe wa huku umesikia sekunde hiyo hiyo, ule umbali umeufuta kwa mkono wako. Na baya zaidi unajua idadi. Ukishajua tuko kumi na mbili na wote unawafahamu kwa majina, dunia haiwezi kukua tena, umeshaona kuta zake.

Tulichofanya: tumeandika modi inayotumia register_on_chat_message, kifaa cha Luanti cha kunasa ujumbe wa chati, mtu akiandika, programu inapima nani yuko ndani ya matofali 60 kutoka alipo, hao tu ndo wanaopata ujumbe. Tangazo la kuingia na kutoka tumelizima kupitia send_join_message na mwenzake send_leave_message. Amri ya status, ile ya kuona majina, tumeiondoa. Na kwenye mipangilio max_users, idadi ya juu ya watu, ikija ni 15, sisi tumeiweka 60 japo hatujawahi kufika hapo, ili mtu asijue mwisho ni wapi.

Wiki mbili za mwanzo zilikua ngumu, sitaki kudanganya, watu walilalamika, wakawa wanaandikiana kwenye grupu la WhatsApp mko wapi mko wapi. Tukaongea nao kiungwana, grupu likabaki la kutangaza umeme umekatika na seva inazimwa saa ngapi, na tukawaomba wajaribu mwezi mmoja. Kilichotokea sikukitegemea. Kuna dada mmoja wa Ligula akaanza kubeba barua, yani vitabu vya kwenye gemu, kutoka mji wa pwani mpaka wa bara kwa malipo ya chumvi. Baada ya wiki ana wateja, baada ya mwezi kuna wabeba barua watatu na wanagombania njia. Na kwa sababu wao ndo wanaofika kote wakawa wao ndo wenye habari, mtu akiwaona wanakuja anaacha kuchimba anaenda kuwasikiliza. Habari ikifika imeshaongezwa chumvi njiani na hiyo ni nzuri, iache.

Kutoka hapo nikaelewa kwa nini stori kubwa za gemu hizi ni za watu ambao hawakuwepo. Tarehe 27 Januari 2014 ndani ya EVE Online kulipiganwa vita sehemu inaitwa B-R5RB, chanzo kikiwa malipo ya umiliki wa eneo ambayo hayakulipwa kwa wakati, vikaenda karibu masaa 21, watu zaidi ya 7,500 wakahusika, meli kubwa kuliko zote zikaharibiwa 75. Asilimia kubwa ya wachezaji wa EVE walikua kwingine siku hiyo, wengine wamelala, na bado ni vita vyao wote, wanavisimulia. Sawa na Septemba 2005 kwenye World of Warcraft ugonjwa wa kwenye pango moja ulipotoka nje kwa bahati mbaya kupitia wanyama wa wachezaji, ukaingia mijini, watu wakawa wanakimbilia porini na wengine wanaenda mjini kujionea. Mtu aliyekua kijijini alijua kuna jambo kwa kuona wakimbizi. Sasa fikiria hiyo habari ingekuja kama tangazo jekundu juu ya skrini.

Ukitaka kupanga tukio mwenyewe lipange kama mchango wa harusi. Hiyo hiyo World of Warcraft kabla ya malango ya Ahn'Qiraj, eneo jipya la gemu, kufunguliwa, Januari 2006 kwenye seva ya kwanza, seva nzima ilitakiwa kuchangia vitu, bandeji, ngozi, samaki, vyuma, kwa maelfu, na mvuvi mdogo asiyejua kupigana na yeye akawa na sehemu yake. Mtu akichangia kitu kwa ajili ya jambo ambalo hatoliona kwa macho, hapo anajiona ni wa nchi fulani.

Acha magofu na andika majina

Kuna sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa enzi za masultani. Moja ilipatikana Great Zimbabwe. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, ng'ambo kabisa ya bahari, na zilifikaje huko watu wanabishana mpaka leo. Nikiwaza hizo sarafu kichwa kinazunguka kwa raha, kipande kidogo cha shaba kinakufanya uone Bahari ya Hindi yote.

Kwaiyo bidhaa za kwenye gemu yako zibebe asili yake. Kwenye Luanti kila kitu mtu anachoshika kinaweza kuhifadhi maandishi yake kwenye metadata, sisi jembe likitengenezwa linaandikwa limefuliwa na nani, kijiji gani, siku ya ngapi toka dunia ianze. Kazi ya jioni moja tu. Jembe linauzwa, linaibiwa, linarithiwa, na siku moja unaliokota kwenye sanduku la nyumba iliyoachwa na lina jina la mtu ambaye hujawahi kukutana naye.

Na nyumba iliyoachwa usiibomoe. Admini wengi wanasafisha ramani, mtu asipoonekana mwezi wanafuta. Huku kwetu kulikua na reli kutoka bandari ya Mtwara mpaka Nachingwea, ilijengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, mradi ukafa 1951, reli ikang'olewa miaka ya 60, na wazee bado wanakuonyesha ilipita wapi. Tumeweka modi ya kuchakaza: nyumba isiyoguswa siku nyingi inaota majani, paa linatoboka, kuta zinabaki. Mgeni akifika leo anakuta kulikua na watu kabla yake. Vibanda vya wale kumi na tisa wa mwanzo, vile vilivyobaki ndani ya ramani ndogo, ndo magofu yetu ya kale sasa na watu wametunga historia zake.

Seva isikufie mikononi

Upande wa ufundi jambo la kujua ni moja, gharama haipandi sawa na watu. Watu 20 sehemu moja kila mmoja akisogea lazima 19 wengine waambiwe, hizo ni taarifa 380 kwa kila hatua, watu 100 ni 9,900, na watu 1,000 inakaribia milioni. Ndo mana seva nzuri inamtumia mtu habari za walio karibu naye tu. Luanti inakata ramani kwenye vipande vya matofali 16 kila upande na kukutumia vya karibu yako, punguza huo umbali kidogo kama wachezaji wako wana simu dhaifu. EVE wao watu wakizidi kwenye vita wanapunguza mwendo wa saa ya gemu yenyewe, mpaka asilimia 10, kila kitu kinaenda polepole kwa wote lakini hakuna anayetolewa. Mimi naiheshimu sana hiyo njia. Kampuni nyingine zinatengeneza nakala za sehemu ile ile, wewe na rafiki yako mko soko moja lakini nakala tofauti hamuonani, inaokoa seva lakini inaua soko, kama unaweza ikwepe.

Kwa sisi wa huku seva ikiwa Ulaya kila kitufe kinasafiri baharini kwenda na kurudi, kwaiyo anza na laptop moja na ruta nyumbani au kwenye kibanda cha mtandao, watu wa jirani waingie kwa Wi-Fi bila bando, mlango (port) wa kuingilia seva ni 30000 wa UDP, uachie wazi kwenye ruta, hotspoti ya simu usiitegemee mana watu wakizidi kidogo inazidiwa. Na kila usiku nakili folda ya dunia kwenye flashi. Sisi tulipoteza siku kumi na moja kwa umeme kukatika katikati ya kuandika faili, ile biashara ya barua ilitaka kufa kabisa.

Kitu kidogo cha mwisho upande wa macho. Ukienda Newala pale Shimo la Mungu unasimama ukingoni unaona bonde lote la Ruvuma na upande wa Msumbiji, na miguu yako haijafika huko. Weka sehemu mbili tatu za hivyo. Simu dhaifu hazichori mbali, kwaiyo usitegemee mlima wa matofali 800 kuonekana, weka genge ambalo chini yake karibu kuna mto na ng'ambo kuna moshi wa kijiji, inatosha. Na barabara zipinde, barabara iliyonyooka inaonyesha mwisho wake.

Kujua kama umefanikiwa kuna jaribio tunalifanya kila baada ya miezi miwili. Namuuliza mchezaji nitajie sehemu ya humu ambayo hujawahi kufika na uniambie ikoje. Mwanzoni walikua wanasema sijui, au wanataja sehemu zote wamefika. Mwezi uliopita nimeuliza watu tisa, saba wakanisimulia kuhusu mnara wa chumvi ulioko kusini kabisa, uliojengwa na mtu mmoja wa Lindi anayecheza usiku tu na ambaye wengi wao hawamjui hata jina. Wanasema una nguzo kumi na mbili na juu unawaka taa. Una nguzo nne, na taa iliwekwa ikazimika. Hatujamsahihisha mtu, na Jumamosi wawili kati yao wamepakia samaki na ndoo za maji wanaenda kuuona.